Mguu wa Mumeo

Mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya kabati lako, juu ya lile gauni lenye damu ambalo mama amekataa kulitupa.

Nikwambie la mumeo kabla hujalisikia kwa mama mkwe wako. Damu iliganda kwenye mshipa wa mguu wake wa kulia, mguu uleule aliokupigia mateke mpaka mimba ikatoka. Ulioza, wakaukata. Vipande vya mshipa vikaletwa kwetu maabara. Huwa tunaviweka juu ya utando wa damu iliyogandishwa, halafu tunasubiri kuona kama vitaiyeyusha. Kipande kigonjwa hakikuyeyusha kitu, kilikaa tu kama msumari. Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikatazama kile kilichokatwa juu zaidi, pajani. Kilikuwa kimeyeyusha damu pande zote, kimejizungushia duara safi, kama ufanyavyo mshipa mzima. Maana yake ugonjwa haukupanda; ataishi, shetani yule.

Mama mkwe wako yuko njiani kuja kukubembeleza. Atakwambia mwanawe siku hizi ni mpole kama kondoo, anakulilia wewe tu umuuguze. Jana kondoo huyo alimkamata muuguzi nywele, akambamiza uso kwenye chuma cha kitanda, eti chai imepoa. Meno mawili yalibaki sakafuni.

Usirudi, mdogo wangu, hata mama mkwe akikupigia magoti. Wamemkata mguu tu. Mikono wamemwachia.

Ni mimi, dada yako.