Mbwa ya koko Sidonie

Rosalie, koko Sidonie, nyanya yetu, amejifungia mu chumba. Juu ya mbwa. Mbwa ya 1966, Rosalie.

Unajua ile hadithi. Alikuwa angali binti, akaenda kwa jirani Faustin kuchagua kambwa. Mama yake mbwa ya hapa Masisi, baba yake kambwa kafupi ka muzungu wa shamba. Akachagua kenye kadogo kupita yote. Akakalaza mu kitunga karibu na moto.

Lakini kila mangaribi kambwa kanarudia kwa Faustin, na Sidonie anaenda kukatafuta. Watu wakaanza kusema. Baba yake akamuuliza: "Unafwata mbwa ao kijana?" Akajibu mbwa. Nani angeamini? Alikuwa anangojea kwenda kusoma kwa masista. Baba akapokea pombe ya ndizi ya kina Faustin ya kuposa, njo ndoa hiyo.

Leo, tukiwa tunakula, koko Faustin anacheka mbele ya sisi wote: "Ni miye nilikuwa ninakaita kale kambwa. Na maziwa."

Na maziwa, Rosalie.

Koko Sidonie akasimama, akaingia mu chumba.

Sasa bwana yake amekaa kwa mulango na kikombe ya maziwa, anamuita polepole. Hafungui.