Tukidaka, Tunasimama

Mke mwenzangu Rukia,

Sote huku Tanga tunakukumbuka. Babu yako haoni tena, kwa hiyo barua yako nilimsomea mimi. Alicheka kusikia klabu yenu ya huko Melbourne sasa ina timu tatu za wanawake. Unauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuucheza mpira huo wa Kiaustralia. Yupo. Ni mimi, nilipokuwa nasoma Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea mwisho.

Mwalimu wetu mmoja, mama wa Kiaustralia, alituletea mpira mrefu kama papai, wa kudaka kwa mikono na kukimbia nao. Tulianza wasichana wachache wa chuoni. Msimu wa maonyesho ya biashara wakajiunga wanawake wa Kariakoo waliokuja kununua bidhaa mtaa wa maduka wa Yide Lu, tukatosha timu mbili. Ila sote tulikulia netiboli: ukidaka, unasimama. Mwalimu alipiga kelele, "Kimbieni! Nani kawakataza?" Hakuna aliyetukataza. Miguu ilikataa yenyewe.

Mechi ya mwisho niliudaka, mbele hakuna mtu, goli wazi. Wenzangu wakaita, "Kimbia, Mwanaidi!" Nikasimama mpaka nikaangushwa. Kisha mizigo ikapakiwa bandarini Huangpu, wale wanawake wakaenda zao, uwanja ukajengwa maghala.

Nami nikarudi, nikaolewa na babu yako, aliyekuwa tayari na watoto wakubwa, cheti cha chuo kikalala sandukuni. Hapo pia hakuna aliyenikataza.

Picha yako ya uwanjani uliyotuma na barua nimeitundika sebuleni. Babu yako huniuliza, "Anafanya nini humo?" Namwambia, "Anakimbia." Kisha naigeuza, itazame ukuta, miguu yangu isiione.

Bibi yako,
Mwanaidi