Jumanne, Saa Nne Kamili

Mwalimu Guyo,

Ni mimi Rehema, wa dawati la mlangoni. Tangu tukuzike kule Hola sijakaa kwenye kiti chako. Nimekirundikia mafaili ili mtu mwingine asikikalie, halafu kila nikiyaona najihisi vibaya, kama nimekutwisha wewe mzigo.

Kuna jambo limenichanganya na sina wa kumuuliza. Ofisi inasema sisi watu wa mahusiano ya umma lazima sasa tuwe na ithibati ya chama cha taaluma yetu. Asiye na cheti, mkataba wake hauongezwi. Fomu inataka kazi moja niliyoisimamia mwenyewe, pamoja na ushahidi: tangazo, picha, barua zenye mihuri. Mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa hii.

Kazi zako nzuri hazina hata karatasi moja. Nilipekua kabati lote. Uliniambia, "Rehema, andika baadaye, kwanza watu wasikie," na hiyo baadaye haikufika. Nina picha moja tu, sisi wawili tumesimama kwenye tope, wewe umeshika viatu vyangu.

Kazi yangu mimi ina karatasi zote. Tatizo ni kwamba iliharibika.

Ni ile malka mpya ya Ngao, njia ya ng'ombe kushuka mtoni. Ilipita katikati ya mashamba, na wakulima walitakiwa wavune siku ileile ya tangazo, kabla ya ng'ombe kushuka. Nakumbuka ulivyokuwa ukifanya matangazo ya namna hii. Daima Jumanne. Wewe kwa wafugaji, mimi kwa wakulima, saa nne kamili, simu sikioni, na hakuna anayeanza kusoma mpaka mwenzake aseme amefika. Mimi nilidhani unapenda Jumanne kwa sababu ofisi imepoa. Samahani, nilikucheka hata kwa mpishi wa kantini.

Safari hii nilikuwa peke yangu. Siwezi kuwa pande mbili. Basi nikaandika barua nzuri, nikaipiga mhuri, nikapeleka nakala moja msikitini kwa wafugaji na nyingine kanisani kwa wakulima. Ikasomwa Ijumaa kwenu. Kwetu ikangoja Jumapili. Jumamosi asubuhi ng'ombe wakashuka, na wenye ng'ombe hawakuwa na kosa, maana waliambiwa njia imefunguliwa. Mahindi ya shangazi yangu yalikuwa bado shambani.

Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu. Wazee wa pande zote walikaa siku mbili wakayamaliza. Lakini shangazi alinitazama akasema, "Kwa hiyo wewe ulijua Ijumaa, mimi nikaambiwa Jumapili?"

Sasa niambie. Nikiandika kazi yako kama yangu, nitapata cheti kwa jasho lako, na ushahidi ni tope. Nikipeleka yangu na kunyamaza kuhusu Jumamosi, watasifu barua na mihuri, maana wao hawakuyaona mahindi. Nikisema kweli, huenda nirudi Ngao bila kazi. Nimejaza fomu mara tatu na kuichana mara tatu. Nimekukasirikia pia, Mwalimu. Kwa nini hukuniambia sababu ya Jumanne, siku isiyo ya msikiti wala ya kanisa? Au uliniambia, nami nilikuwa kwenye simu?

Jana niliijaza mara ya nne. Nimeandika barua ilisomwa lini na wapi, na Jumamosi kulitokea nini. Penye jina la aliyenifunza nimeandika lako. Wanataka na sahihi yake. Hapo niliacha wazi, nikalia kidogo, nikafunga bahasha. Sijui kama nimefanya sawa. Kweli sijui.

Mungu akurehemu, Mwalimu, kama mnavyosema kwenu, na akulaze pema, kama tunavyosema kwetu. Kiti nitakifuta vumbi leo. Kukikalia, bado.

Jumanne ijayo kuna tangazo la kubadilisha muda wa ng'ombe kunywa. Nimemwomba shangazi awasomee wakulima. Aliuliza ni saa ngapi. Mimi nitakuwa upande wako, kwa wafugaji, na ninakuahidi hili moja tu: nitampigia simu kwanza, na sitafungua mdomo mpaka aniambie amefika.

Mwanafunzi wako,
Rehema