Mkasi Uliogusa Shuka

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Newala tu wazima, na babu yako yuko Makote anaokota korosho. Umeuliza kwa nini mkufunzi wenu wa uuguzi anakataa kifaa kinachoonekana safi.

Nilipokuwa muuguzi kijana zahanati, kila mzazi alimtaka mwenzangu Somoe amzalishe. Wivu ulinila. Nikawa naiangalia mikono yake, nikingoja akosee.

Siku wifi yangu alipojifungua, Somoe alishika mkasi wa kukatia kitovu, ncha ikagusa shuka. Nilidhani hakuna aliyeona ila mimi, na moyoni nilifurahi. Lakini yeye akauweka kando.

“Dada, nipe mwingine uliochemshwa.”

“Kwani huo mchafu?”

“Umegusa shuka. Pepopunda haionekani kwa macho.”

Nikampa. Tangu siku hiyo nami nikawa nafanya vile vile, ingawa sikumwambia.

Kitovu kikakauka vizuri, mtoto akakua. Kaka yangu akampa jina la Somoe, nami shangazi mtu nimesimama pale pale! Hadi leo nikimwita huyo binti, wivu hunichoma kidogo.

Nawa mikono, mama, ule na wakubwa.

Bibi yako