Lutuku mu tanki

Jumamosi, siku ya posho, magaribi.

Tena mi ni shemashi! Motokari yangu ilipita mbele ya kanisa inanuka sawa mulevi, na bamama bote ba korali banaiangalia.

Lakini ningefanya nini? Esansi, mafuta ya motokari, haiko tena Kolwezi. Jirani yangu Mama Kapinga, ule mwenye kupika pombe ya lutuku, alipashwa kwenda ku gare kupanda treni leo, juu bavijana banafukuza batu ba Kasai bote sawa yeye. Mi nilikuwa na esansi kidogo tu. Akaniambia: "Tata, tia lutuku yangu yote mu tanki. Inawaka. Kuliko bale bavijana baikunywe."

Nikatia. Motokari ikawaka mara moja, ikaenda inaruka-ruka. Kumbe lutuku inasafisha uchafu ya zamani mu tanki, inaipeleka yote mu filitre mpaka inaziba. Tulipofika ku baryera ya kufunga njia, ya bale bavijana benye kufukuza batu, ikakohoa, ikazimika.

Nikasema basi, tumekufa.

Mukubwa wabo akakuja, akanusa. Akanusa tena. "Hii ni lutuku ya Mama Kapinga!" Akachungulia, akamuona mwenyewe ndani, amekaa katikati ya bitu byake. Haya ikamushika.

"Mama, sasa nani atatupikia?"

"Mujipikie. Sasa musukume."

Bakasukuma mpaka ku gare, bote. Mi nilishika tu volan kuongoza, sijui nicheke ao...

Mukubwa wabo alikuwa anapanguza macho. Alisema ni moshi.

Moshi gani? Motokari ilikuwa imezimika.