Fisi wa Sabaki na Bunduki ya Upepo

Mdogo wangu Sudi,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Mimi niliyekukemea miaka yote kwa kutojibu barua sina udhuru. Kila niliposhika kalamu niliona sina la kukuambia ila kwamba hupo, na hilo unalijua. Leo nina neno, na sina mwingine wa kumwambia.

Fisi amerudi hapo kwako Sabaki. Alianza kwa mbuzi wa mkeo, Mwanaisha. Mwanao Kassim akawahamishia waliobaki kwa dada yetu, Gongoni, tukadhani yamekwisha. Hayakwisha. Juma lililopita Mwanaisha alitoka uani alfajiri kutia udhu, akamkuta fisi amesimama kando ya pipa la maji, anamtazama. Alirudi kinyumenyume, akafunga mlango, akatayamamu kwa vumbi na kusali. Alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, ndipo nilipojua kwamba ameogopa sana.

Angekuwa mwanamke mwingine, au wakati mwingine, ningemhamisha siku ileile. Lakini yumo edani mwako, na eda hukaliwa katika nyumba ya mume. Nilimweleza kwamba sheria ina nafasi ya dharura, na kwamba mwenye kuhofia nafsi yake anaruhusiwa kuhamia penye usalama. Nilimleta hata imamu, akayathibitisha hayo kutoka upande wa pili wa pazia. Mwanaisha alimshukuru kwa adabu, kisha akaniambia mimi: "Shemeji, nyumba hii mume wangu aliilinda kwa bunduki yake. Leo niikimbie kwa ajili ya fisi? Mpe Kassim bunduki."

Bunduki yako ya upepo imo kabatini mwangu. Kibali kilikuwa kwa jina lako, nami nilikwisha kuahidi kuirejesha kituoni. Kassim amenijia mara nyingi, simu mkononi, akinionyesha watu wa ng'ambo wanaoangusha nguruwe mwitu kwa bunduki za upepo. Sikumbishia. Zipo. Lakini zile hujazwa upepo kwa mtungi, mtutu wake waweza kuingia kidole, na mwindaji humkaribia mnyama aliyetulia akachagua mahali pa kulenga. Yako ni ya kukunja mtutu, na risasi yake haizidi punje ya mbaazi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kunguru na panya.

Hakuniamini. Basi nilifanya jambo ambalo kisheria halifai, nami nalijua. Nilichukua mfupa wa paja la ng'ombe kwa mchinjaji, nikauzungushia kipande cha ngozi, nikauegemeza ukutani kwangu, nikamwambia apige mwenyewe. Risasi ilitoboa ngozi, ikagota mfupani, ikabonyea kama kifungo cha shati. Mfupa haukupata hata ufa. Nikamwambia: fisi hatakufa kwa hii, ataumia tu, na fisi aliyeumia karibu na nyumba ya mamako ni balaa kubwa kuliko huyu mwenye njaa.

Kassim alicheka kama ulivyokuwa ukicheka wewe. "Ami, unaisahihisha bunduki kama insha za wanafunzi wako. Nikimlenga jicho je?"

Nilimjibu kwamba jicho la fisi halitulii likakungoja. Akaugeuzageuza ule mfupa, kisha akauliza, "Mbona baba alimfukuza kwa hiihii?"

Nikairudisha bunduki kabatini, Sudi. Ningeweza kumjibu. Asubuhi ile ulikuja kwangu Malindi na vumbi la pikipiki usoni, ukaketi jikoni, ukacheka hata chai ikakumwagikia. "Kaka, fisi sikumgusa," ulisema. "Nimelipiga bati la zizi, likalia kama radi, mimi na yeye tukakimbia, kila mtu kwao. Usiniaibishe kwa mke wangu." Sikukuaibisha. Kufikia Ijumaa walikuwa wakikuita Sudi Simba mpaka Mambrui.

Matangani wanaume walilisimulia tena kisa hicho kwenye kahawa, kila mmoja akikiongezea meno. Mwanaisha alikuwa akisikia kutoka ndani. Wanawake waliokaa naye waliniambia kwamba hapo ndipo alipokubali kula.

Sasa nieleze mimi nifanye nini. Tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema yao na kuyanyamazia mengine. Nimelishika hilo maisha yangu yote, na nimewakalisha chini wengi waliolivunja. Lakini nikinyamaza, mwanao wa pekee ataingia kichakani akiamini kwamba ana silaha. Hata nikimnyima bunduki hainifai kitu. Amekwisha kusema ataingia na panga, kwa kuwa mtoto wa Sudi Simba hangoji fisi mlangoni. Askari wa wanyamapori walikuja, wakatazama nyayo, wakatuahidi mtego utakapopatikana, wakatukumbusha kwamba kuwinda ni kosa. Wamesema kweli. Mtego haujafika, na Kassim amelala barazani kwako, panga chini ya mkeka.

Kinachomsukuma ni sifa yako. Na sifa hiyohiyo ndiyo inayomshikilia mama yake asianguke. Siwezi kuichukua kwa mmoja nikamwachia mwingine, maana wanakaa nyumba moja. Nimezunguka humo siku hizi zote kama mtu aliyefungiwa ghalani, napapasa ukuta, mlango siuoni.

Kesho baada ya adhuhuri nakwenda Sabaki. Nitaketi upande wangu wa pazia, Kassim ubavuni pangu. Sijui kama nitafumbua kinywa.

Pumzika, mdogo wangu. Mola akupanulie nafasi huko uliko, akusamehe uliyoyafanya na uliyoyaacha. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, nakuahidi. Na ikiwa nitakuwa nimekuvua jina lako ili mwanao aishi, nataka ulisikie kwangu mimi kwanza.

Kaka yako