Sahani ya chini

Masika, mujukuu wangu,

Hapa Butembo tuko bazima, mama yako anavuna maharagi kule Vuhovi. Unauliza kama mugonjwa wa kichwa mwenye kutoka gereza ni wa kuogopa kwa stage yako ya kujifunza kazi ya hospitali. Nani alikufundisha iyo maulizo?

Wakati wa vita nilikuwa ninasaidia mu centre ya bale bagonjwa ba kichwa, kubagawia chakula. Bakatuletea mwanaume kutoka gereza. Infirmier, ule muuguzi, akaandika "gereza" na biki nyekundu kwa fishi yake, ile karatasi ya mugonjwa, mbele ya kumuuliza jina. Benzake tulikuwa tunabapatia chakula na mikono mbili, vile bazazi balitufundisha. Sahani yake ikawekwa chini, kwa mulango. Akasema pole pole: "Mama, hata kule gereza balikuwa bananipatia mu mukono."

Mpaka leo ile hasira inanichoma. Fishi, infirmier aliiandika. Lakini sahani, ni mimi niliiweka chini.

Koko yako